Baker Pasha na Sanduku la Umeme

Ukisimama ukingoni mwa mto hapa Juba na kutazama ng'ambo, upande wa mashariki, unaiona nchi ya Gondokoro. Huko ndiko Samuel Baker alikoweka boma lake. Vitabu vya shule humtaja kuwa mvumbuzi wa ziwa na adui wa wafanya biashara ya watumwa. Mimi nataka kumweleza kama mtu wa viinimacho, maana habari hiyo wengi hawaijui.

Alizaliwa London tarehe 8 Juni 1821, mwana wa tajiri wa sukari na meli. Alikaa Ceylon miaka mingi akilima na kuwinda ndovu. Mwaka 1859, katika mji wa Vidin penye mto Danube, alimpata Florence, msichana wa Kihungari aliyekuwa akiuzwa utumwani, naye ndiye aliyekuwa mkewe na mwenzi wake wa safari. Walifika Gondokoro Februari 1863, na tarehe 14 Machi 1864 wakaliona ziwa ambalo Baker alilipa jina la Albert, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao.

Katika safari hiyo mwenye kuchezewa alikuwa yeye. Alipofika Bunyoro alipelekwa mbele ya Mfalme Kamurasi, akatoa zawadi zake, wakazungumza siku nyingi. Kumbe aliyeketi pale alikuwa ndugu yake mfalme! Kamurasi mwenyewe alikuwa amejificha, na Baker hakujua mpaka baadaye. Angalikumbuka sana jambo hilo, labda asingaliwadharau watu wa Bunyoro aliporudi.

Mwaka 1869 Khedivi Ismaili wa Misri alimwajiri kwa pauni 10,000 kwa mwaka, muda wa miaka minne, akomeshe biashara ya watumwa na kuitia nchi hii chini ya Misri. Pamoja na askari na merikebu za moshi alileta shehena ya ajabu: taa ya kutupa picha ukutani, kinanda cha sanduku chenye kengele na ngoma, mipira iliyong'aa kama kioo ya kutundika mtini, na sanduku la umeme. Ndani ya masanduku ya namna hiyo nyaya huzungushwa mbele ya sumaku. Mtu akishika vishikio viwili umeme hupita mikononi mwake, misuli ikajikaza yenyewe, wala hawezi kuachia.

Wazo hili halikuwa lake peke yake. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mfanya viinimacho mashuhuri, Robert-Houdin, awaonyeshe watu kwamba uchawi wa Wafaransa umewashinda masheikh wao. Naye alikuwa na kisanduku chepesi ambacho ghafula hakuna shujaa aliyeweza kukiinua, kwa kuwa chini yake palifichwa sumaku ya umeme.

Baker alifika Gondokoro tarehe 15 Aprili 1871, akapandisha bendera tarehe 26 Mei na kuuita mji Ismailia. Lakini Wabari hawakutekwa na kinanda. Walikataa kuuza nafaka na ng'ombe, askari wakapata njaa, na Baker akaenda kuichukua nafaka ya Belinyan kwa bunduki.

Januari 1872 alishika njia ya kusini, na mwezi wa Aprili akafika Masindi akiwa na askari kama mia moja. Kamurasi alikuwa amekufa, akitawala mwanawe kijana, Kabarega. Siku moja mfalme alikuja kutazama vitu vya mgeni. Baker akatoa sanduku la umeme. Kabarega mwenyewe hakukubali kushika. Aliwaamuru wakuu wake washike, mmoja baada ya mwingine, akataka wapigwe kwa nguvu zaidi, akacheka sana wakigaagaa chini. Mchezo ulikwisha uzi wa chombo ulipokatika. Wengine husema alifurahi kama mtoto. Mimi naona mtu anayewatanguliza wengine kwanza si mjinga.

Tarehe 14 Mei Baker alitangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Tarehe 7 Juni ikaja pombe ya ndizi kutoka kwa mfalme. Askari waliokunywa wakaanguka kwa sumu, wakatapishwa, wakapona. Alfajiri yake, siku ya kuzaliwa kwake Baker, vita vikaanza. Baker akauchoma mji, na tarehe 14 Juni akaichoma pia nyumba yake pamoja na vitu visivyobebeka, akaondoka akirushiwa mikuki kutoka majanini siku baada ya siku.

Aliiacha Gondokoro Mei 1873. Gordon aliyemfuata akahamishia makao Lado mwaka 1874. Baker alikufa Uingereza tarehe 30 Desemba 1893. Kabarega alipigana na Waingereza, ambao hawakumkamata mpaka mwaka 1899.