Sisir Kumar Mitra na Nuru ya Usiku

Katika nchi za joto, utusitusi wa magharibi haudumu. Jua likishatua, giza hutanda upesi. Hata hivyo, anga lisilo na mwezi halikosi nuru kabisa, kwani juu mno hewa yenyewe hung'aa kwa mwanga hafifu ambao jicho hutambua kwa shida. Miongoni mwa waliotafuta asili ya mwanga huo ni Sisir Kumar Mitra, mwanafizikia wa Bengali aliyezaliwa mwaka wa 1890.

Mitra alisomea Calcutta, kisha Paris, alikopata shahada ya uzamifu mwaka wa 1923. Mwaka uo huo alirejea Calcutta kufundisha na kuanzisha utafiti wa redio, taaluma iliyokuwa changa nchini India. Kwa mawimbi ya redio, yeye na wanafunzi wake waliichunguza ayonosfia, yaani matabaka ya hewa yanayotiwa umeme na miale ya jua. Humo ndimo alimotafuta chanzo cha nuru ya usiku: chembe zilizotenganishwa na jua mchana huungana tena gizani na kutoa mwanga.

Baadhi ya hoja zake, hasa kuhusu nitrojeni, zilikuja kusahihishwa. Hata hivyo, leo inajulikana kwamba mwanga mwekundu wa oksijeni angani hutokana na muungano wa aina hiyo.

Kitabu chake kikuu kuhusu angahewa ya juu kilichapishwa Calcutta mwaka wa 1947, kikatafsiriwa kwa Kirusi mwaka wa 1955. Mitra alifariki mwaka wa 1963, akiwa amedhihirisha kwamba elimu ya juu haina makao yake Ulaya pekee.