Hilde Mangold, aliyeona ubongo unavyoanza

Mama aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi huwa na swali moja: nimekosea wapi? Ili nimjibu vizuri, leo nasimulia maisha ya Hilde Mangold.

Alizaliwa Gotha, Ujerumani, mwaka 1898. Akiwa mwanafunzi Frankfurt alimsikia Profesa Hans Spemann akihadhiri, na mwaka 1920 akamfuata Freiburg. Huko alikabidhiwa swali gumu. Sote tulianza kama seli moja. Nani huziambia seli hizi ziwe ngozi, zile ziwe ubongo?

Alitumia viinitete vya mnyama wa majini, jamii ya chura lakini mwenye mkia, vidogo kuliko punje ya ufuta. Zana zake zilikuwa sindano za kioo na kitanzi cha unywele wa mtoto mchanga. Alikata kipande kutoka kiinitete cheupe, karibu na pale mgongo unapoanzia, akakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cheusi. Vingi vilikufa, dawa za kuua bakteria hazikuwapo. Vichache vilivyopona viliota pacha tumboni, mwenye uti wa mgongo wake.

Rangi ndizo zilizotoa siri. Uti ule ulijengwa zaidi na seli nyeusi za mwenyeji, ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo. Kipande kilichopandikizwa kilikuwa kimezipa jirani zake kazi mpya.

Kwa binadamu pia, seli za mgongoni hupokea maelekezo kutoka kwa jirani, hutandaa kama chapati, kisha hujikunja kuwa mrija. Mrija huo ndio ubongo na uti wa mgongo. Hufunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati akina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ukibaki wazi kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Kwa hiyo mama, hukusababisha kwa ulichokula au kubeba mwezi wa sita. Foliki asidi miligramu 0.4 kila siku hupunguza hatari, ila ianze kabla ya kushika mimba na iendelee miezi mitatu ya kwanza. Haizuii kila tukio. Aliyewahi kupata mtoto wa hali hii amwone daktari kabla ya mimba nyingine, maana dozi yake ni kubwa zaidi.

Hilde alipata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1923. Hakufurahia jina la profesa kutangulia lake kwenye andiko, na mimi simlaumu; mikono ilikuwa yake. Alikuwa ameolewa na mwanasayansi mwenzake, Otto Mangold, wakapata mtoto wa kiume. Septemba 1924 aliungua vibaya katika ajali ya moto nyumbani kwake Berlin, akafariki akiwa na miaka 25. Andiko lilitoka mwaka huohuo. Mwaka 1935 Spemann alipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Tuzo hiyo hawapewi marehemu.