Diogo Cão: maisha yaliyobaki katika mawe na ramani

Hatuna kitabu wala barua ya Diogo Cão. Anayetaka kumjua baharia huyu Mreno hana budi kusoma mawe na ramani, na mawe husema machache.

Mwaka 1482 mfalme João II alimtuma kufuata pwani ya Afrika kuelekea kusini. Mabaharia waliomtangulia walisimika misalaba ya miti, ambayo huoza. Yeye alibeba nguzo za mawe kutoka Lisbon. Ya kwanza aliisimamisha kwenye mdomo wa mto ambao maji yake matamu yanasukuma chumvi mbali baharini. Wakongo waliuita nzadi, maana yake mto mkubwa. Masikio ya Wareno yalishika Zaire. Wachora ramani wakaandika hivyo, na mwaka 1971 neno hilo lililosikiwa vibaya likawa jina la nchi yetu nzima, hadi 1997.

Cão alituma wajumbe Mbanza Kongo. Walipokawia kurudi, aliwakamata Wakongo wanne, akaondoka nao kama rehani. Huko Ureno walijifunza Kireno, na katika safari ya pili akawarudisha kwao. Kwangu mimi, wanafunzi hao wa lugha kwa kulazimishwa walifanya kazi nzito kuliko nguzo zote, kwa kuwa mazungumzo ya falme mbili yalipitia vinywani mwao. Ramani haziwaonyeshi popote.

Mwaka 1484 mfalme alimpa Cão cheo cha ukabaila na nembo yenye nguzo mbili. Mwaka uliofuata alitweka tanga tena. Watu wake walipanda mto mpaka maporomoko ya Yellala, karibu na Matadi ya leo, pasipopitika kwa chombo. Wakachonga majina yao mwambani. Kusini zaidi, katika Namibia ya sasa, alisimika nguzo ya mwisho kwenye rasi ya Cape Cross, mwanzoni mwa 1486.

Baada ya hapo twabaki na sarufi. Katika ramani ya Henricus Martellus, Mjerumani aliyefanya kazi Florence, iliyochorwa karibu na 1490, kuna maelezo ya Kilatini kando ya pwani hiyo. Yanamtaja Cão, nguzo yake na milima, kisha yanamalizia kwa kitenzi cha kufa. Kiima hakikurudiwa. Ni nahodha aliyefia pale, au ni milima inayokoma? Kiswahili kingetuondolea shaka kwa kiambishi kimoja tu. Wengi huelewa kwamba ni nahodha. Lakini João de Barros, mwandishi wa tarehe za Ureno katika karne ya 16, anamrudisha Kongo akiwa hai, anamkutanisha na mfalme, kisha anamfikisha Ureno.

Mwaka 1487 merikebu zilitoka tena Lisbon kwenda kusini. Aliyeziongoza alikuwa Bartolomeu Dias.