Vavilov, mnunuzi wa mbegu aliyekufa kwa njaa

Baba yake Nikolai Vavilov alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Moscow. Mzee Ivan alitoka katika familia maskini ya wakulima, akaingia mjini akiwa kijana mdogo, akapanda hadi kuwa mtu wa mali. Nikolai alizaliwa mwaka 1887, na kama ilivyo kwa wenye maduka wengi, mzee alitaka mwanawe ashike daftari la biashara. Akampeleka shule ya biashara. Kijana alimaliza mwaka 1906, kisha akajiandikisha chuo cha kilimo.

Huko lilimshika swali moja. Katika shamba lilelile la ngano, kwa nini ugonjwa wa kutu huua mimea hii na kuiacha ile? Mwaka 1913 alilifuata jibu hadi Uingereza, akasoma kwa William Bateson, mmoja wa waliosimamisha elimu ya urithi wa viumbe, yaani jenetiki. Alirudi akiwa na msimamo kwamba kinga ya mmea imo ndani ya urithi wake. Ukiuzalisha mmea wenye kinga pamoja na ule wenye mavuno mengi, unaweza kupata kizazi chenye sifa zote mbili. Ila lazima kwanza uupate huo wenye kinga, na pengine uko katika shamba la mzee mmoja mlimani, mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyewahi kufika.

Basi akaanza kusafiri. Iran na milima ya Pamir mwaka 1916, Afghanistan mwaka 1924, baadaye China, Japani na nchi za Amerika, kusini na kaskazini. Alikwenda kwa farasi na nyumbu, akapita mashambani na masokoni. Waliofanya naye kazi walijua kwamba analala saa nne au tano tu kwa usiku.

Wasomaji wetu wanaovusha maharagwe mpakani wanajua kwamba gunia lenye rangi mchanganyiko hushushwa bei. Vavilov alikuwa mnunuzi wa namna nyingine kabisa. Gunia safi la aina moja halikumpa kitu. Lile la vurugu, lenye punje ndefu na fupi, nyeusi na nyekundu, ndilo alilolitafuta. Aliona kwamba kila tofauti ndogo ya punje huenda imebeba sifa ya urithi isiyopatikana kwingine: kuvumilia ukame, kukomaa mapema, kushinda kutu.

Mwishoni mwa mwaka 1926 alifika Ethiopia. Akiwa Addis Ababa alipokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Haile Selassie, kisha akaelekea kaskazini na msafara wa nyumbu hadi Eritrea. Miaka michache kabla, mwaka 1920, alikuwa ametangaza kanuni kwamba mimea ya ukoo mmoja hubadilika kwa njia zinazofanana, kiasi kwamba ukiziona sura za mmoja unaweza kukisia sura za nduguye hata kabla hujaziona. Alikuwa amekisia kuwepo kwa ngano ngumu isiyo na ndevu. Aliikuta Ethiopia, wakulima wakiilima bila kujua kwamba kuna mtu Urusi anayeitafuta.

Kutokana na safari hizo alichora ramani ya asili ya mazao. Mahali penye aina nyingi kuliko kwingine, alisema, ndipo zao lilipoanzia. Ethiopia aliipa kahawa, teff, mtama na ulezi. Mahindi na maharagwe aliyapeleka Mexico na Amerika ya Kati, viazi mviringo kwenye milima ya Andes. Wataalamu wamerekebisha baadhi ya mistari hiyo, lakini kwa sehemu kubwa ramani bado inatumika. Mzigo mzito katika malori ya Busia au Namanga, kumbe, ni wa mazao yaliyovuka bahari.

Kufikia mwaka 1940 taasisi yake mjini Leningrad ilikuwa na sampuli za mbegu na mimea zipatazo 250,000. Lakini nchi ilikuwa imepita katika njaa kubwa ya mwaka 1932 na 1933, na Stalin alitaka mbegu mpya upesi. Kazi ya Vavilov ilihitaji miaka kumi na zaidi. Trofim Lysenko aliahidi matokeo kwa miaka michache, akidai kwamba ukizilowesha na kuzipoza mbegu, mmea hubadilika na watoto wake hurithi badiliko hilo. Si kweli, ila ilikuwa ahadi tamu kwa mtawala mwenye haraka. Vavilov alimpinga waziwazi. Agosti 1940, akiwa magharibi mwa Ukraine akikusanya mimea, alikamatwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20.

Wakati huo majeshi ya Ujerumani yaliizingira Leningrad, na watu wakafa kwa njaa kwa maelfu. Ndani ya taasisi kulikuwa na tani za nafaka. Watunzaji hawakuzigusa. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na pakiti za mpunga. Aleksandr Shchukin, wa karanga, alifia mezani pake. Hawakujua bosi wao yuko wapi.

Alikuwa gerezani Saratov, mji aliowahi kufundisha akiwa profesa. Mkewe Elena na mwanawe Yuri walikuwa wamehamishiwa mji huohuo kwa sababu ya vita, nao wakawa wanatuma vifurushi vya chakula Moscow, wakidhani yuko huko. Vavilov alikufa kwa njaa tarehe 26 Januari 1943, akazikwa katika kaburi la pamoja.

Hukumu ilifutwa mwaka 1955. Taasisi bado iko katika mji ule, ambao sasa unaitwa Saint Petersburg, imepewa jina lake, na mbegu zimo.