Cecil Rhodes na hesabu ya vibarua kwenye waya uliopita Ufipa

Mkandarasi anayepata kazi ya kujenga njia ya umeme katika vijiji vya Sumbawanga au Kalambo hukadiria mambo mawili makubwa, vifaa na nguvukazi. Bei ya vifaa ataiuliza dukani. Idadi ya siku za vibarua hana wa kumuuliza, na wengi hupatia hasara hapo. Maisha ya Cecil Rhodes, ambaye kampuni yake ilipitisha waya wa telegrafu katika ukanda huu, yanatoa funzo.

Rhodes alizaliwa Julai 5, 1853, Bishop's Stortford, Uingereza, akiwa mtoto wa mchungaji. Mwaka 1870 alikwenda Natal, Afrika Kusini, kwa kaka yake aliyekuwa akilima pamba. Mwaka uliofuata alihamia kwenye almasi ya Kimberley, na mwaka 1888 aliunda kampuni ya De Beers. Katika migodi hiyo Waafrika walifungiwa kambini kwa muda wote wa mkataba. Akiwa Waziri Mkuu wa koloni la Cape, mwaka 1894 alipitisha Sheria ya Glen Grey, iliyowatoza shilingi 10 kwa mwaka wanaume wasiokwenda kufanya kazi nje ya wilaya zao. Kwa maneno mengine, alizoea kupata vibarua kwa kodi na sheria, si kwa kupatana nao bei.

Mwaka 1892 alianzisha kampuni ya African Transcontinental Telegraph, kwa nia ya kufikisha waya Cairo, Misri. Waya ulifika Blantyre mwaka 1895. Machi 1899 alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm II, kwa kuwa njia ilipita katika koloni la Wajerumani, akakubaliwa. Kutoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, waya uliingia upande wa Ufipa na kwenda kaskazini hadi Ujiji. Cairo haukufika. Rhodes alifariki Machi 26, 1902, akiwa na miaka 48, akazikwa katika milima ya Matopo, Zimbabwe.

Kwenye ramani, njia hiyo ilikuwa mstari mmoja. Ardhini kulikuwa na mizigo ya kubebwa kichwani, miti ya kukata, mashimo ya kuchimba na, baada ya hapo, waya wa kulinda na kutengeneza kila ulipokatika.

Mkandarasi wa leo naye akikadiria kwa kilomita peke yake atakosea. Tuchukue mfano. Nguzo zikiwa mita 50 kutoka moja hadi nyingine, kilomita moja ina mashimo takriban 20. Vibarua wawili wakichimba mashimo manne kwa siku kwenye udongo laini, watamaliza kwa siku tano, yaani siku 10 za malipo. Kwenye mawe, wakichimba mawili tu kwa siku, siku za malipo zinakuwa 20. Bei ya nguzo ni ileile, lakini gharama ya uchimbaji imeongezeka mara mbili. Bado hajahesabu kufyeka njia, kusogeza nguzo pale gari lisipofika, kuzisimamisha na kuvuta waya.

Aidha, msimu una bei yake. Mvua za Ufipa huanza Novemba, na wakati wa palizi ya mahindi na maharage kibarua ana shamba lake. Anayemtaka wakati huo alipe zaidi au asubiri.

Hivyo, kabla ya kusaini mkataba, mkandarasi aitembee njia yote kwa miguu, aandike aina ya udongo kila sehemu, na atunze daftari la siku zilizotumika katika kila kazi iliyopita. Rhodes alikuwa na dola nyuma yake ya kubeba makosa ya hesabu. Mkandarasi mdogo hana, na fedha zikimwishia katikati ya kazi, anayerudi nyumbani bila ujira ni kijana wa kijijini aliyechimba mashimo.