Krapf Baada ya Kaburi la Rosine

Wengi wetu tunamjua Johann Ludwig Krapf kwa habari ya shuleni: Mjerumani aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa upande wa Kitui. Ni sawa. Lakini tangu nimzike mume wangu, mimi namfikiria zaidi Krapf wa Julai 1844.

Alizaliwa 1810. Mzigo wa moyo wake ulikuwa Waoromo, ambao Waborana wa huku kwetu kaskazini ni sehemu yao. Alishafanya kazi Ethiopia miaka kadhaa, na baada ya kumwoa Rosine alijaribu kurudi naye huko. Safarini Rosine akajifungua kabla ya wakati, porini, na mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, yaani chozi. Hebu fikiria mzazi anayetoa jina hilo.

Njia ya Ethiopia ikafungwa, basi wakazunguka na bahari ili wawatafute Waoromo kutoka pwani. Mwanzoni mwa 1844 walifika Zanzibar, Seyyid Said akampa Krapf barua, na Mei wakahamia Mombasa. Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Mohiuddin. Mwezi uliofuata Rosine akajifungua binti, na homa ikaingia nyumbani. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani, hata kuinuka amtazame mkewe ilikuwa taabu. Rosine alifariki tarehe 13 Julai. Siku chache hazikupita, mtoto naye akafuata. Mama huyu alikuwa ameomba azikwe ng'ambo, upande wa bara, wapita njia walione kaburi. Liko Nyali hadi leo.

Hapa ndipo sisi hupenda kukimbia. Tunasema Mungu aligeuza msiba kuwa baraka, amina, twende somo lingine. Ni kweli Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili kazi imeanza, na naamini alimaanisha. Lakini barua ikishaenda, nyumba bado ni tupu. Alikaa karibu miaka miwili bila mwenzake wa kazi, mpaka Johannes Rebmann alipofika Juni 1846. Katika muda huo aliendelea kutafsiri, akakusanya maneno ya Kiswahili, akatembelea vijiji vya Wamijikenda. Wala hiyo haikuwa kazi mpya ya kumsahaulisha. Ni ileile aliyoianza Rosine akiwa hai.

Hilo ndilo lililonishika mimi. Nafundisha shule ya msingi hapa Eldas, na nilipotoka mazishi wapendwa wengi walinishauri niombe uhamisho, nikaanze upya kwingine. Wengine wakaniambia nisilie sana, nisionekane sina imani. (Rafiki za Ayubu walifanya vyema zile siku saba walizonyamaza. Shida ilianza walipofungua midomo.) Walionisaidia kuliko wote ni akina mama wa Kisomali, majirani zangu. Walileta chai ya maziwa ya ngamia, wakakaa nami mkekani, basi. Nikarudi darasani kwa watoto walewale ambao mume wangu aliwajua kwa majina. Bado nalia, hasa jioni. Lakini sasa mtu akifiwa naweza kukaa naye bila kumharakisha.

Krapf naye hakupata alichokifuata. Njia ya kwenda kwa Waoromo hakuipata. Agosti 1846 yeye na Rebmann walianzisha misheni Rabai, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka 1850. Afya ikamrudisha Ujerumani, na zaidi ya miaka kumi baada ya kumzika Rosine akaoa tena. Maneno aliyoanza kuyakusanya Mombasa hakuyaacha. Novemba 1881 alikutwa amefariki kando ya kitanda chake, amepiga magoti. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata.