Sheikh Al-Amin Mazrui, Mwalimu wa Maadili

Ndugu msomaji, leo utasoma habari za mtu aliyejitahidi kuwafundisha wenzake namna ya kuishi vizuri pamoja. Jina lake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa, Kenya, mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui uliwahi kuitawala Mombasa mpaka mwaka 1837. Baba yake alikuwa mwanachuoni, lakini alifariki wakati Al-Amin bado ni mtoto mdogo. Yatima huyo alilelewa na kufundishwa na ndugu wa ukoo, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui.

Baadaye Al-Amin alikwenda Unguja kutafuta elimu. Huko alisoma kwa wanavyuoni wakubwa wawili, Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Masomo ya wakati ule yalikuwa ya kuketi pamoja. Mwalimu alieleza, mwanafunzi akasikiliza na kuuliza. Al-Amin alisoma pia magazeti kutoka Misri. Humo aliona wanavyuoni wa huko wakijadiliana jinsi ya kuwatoa watu wao katika ujinga na unyonge.

Aliporudi Mombasa aliwatazama watu wake. Aliona umaskini, uvivu na ugomvi. Aliona watu wanakopa fedha ili wafanye arusi kubwa. Aliona matanga yanakula mali nyingi. Aliona vijana wanaiga mavazi na ulevi wa wageni, lakini hawaigi bidii yao ya kazi wala elimu yao.

Basi mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Al-Sahifa, maana yake ukurasa. Mwaka 1932 alianzisha jingine, Al-Islah, maana yake matengenezo. Aliandika kwa Kiswahili ili watu wa kawaida wafahamu. Aliwahimiza wajifunze dini, hesabu, historia na kazi za mikono. Alitaka wasichana nao wasomeshwe. Mwaka 1944 baadhi ya makala zake zilitolewa katika kijitabu kiitwacho Uwongozi.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi ya kadhi ni kuamua mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka na urithi. Katika sheria hiyo, mtu akifa, kwanza maziko yake yagharimiwe na madeni yake yalipwe. Kisha kila mrithi apewe fungu lake, wanawake na watoto wakiwemo. Mali ya yatima ni amana. Ndugu wa marehemu hawana ruhusa kuila.

Sasa fikiri juu ya kijiji chako hapa Mpanda. Mkulima ameuza tumbaku au mpunga wake. Fedha ameshika. Mara anafariki. Watu wanakuja kutoka mbali kuhani, na kila siku wanahitaji chakula. Ng'ombe anachinjwa, magunia ya mahindi yanafunguliwa. Hakuna mwenye nia mbaya, wote wamekuja kwa upendo. Lakini matanga yakiisha wageni wanakwenda zao, na mjane anabaki na ghala tupu. Mvua zikinyesha hana mbegu. Ada ya kuwapa wafiwa pole imemwongezea mfiwa mzigo. Hilo ndilo jambo ambalo watu kama Sheikh Al-Amin walitaka litazamwe upya. Si kuacha kuhani, bali wanaokuja wachangie badala ya kula kilichobaki.

Si watu wote walikubaliana naye. Wako wanavyuoni wenzake waliotetea mila alizozipinga. Yeye aliendelea kuwajibu kwa hoja, katika darasa na kwa kalamu.

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye aliandika kwa Kiswahili, na baadaye akawa Kadhi Mkuu. Mtoto wake, Ali Mazrui, alikuwa profesa mashuhuri duniani mpaka alipofariki mwaka 2014.

Ndugu msomaji, uwe Mwislamu, Mkristo au mfuasi wa mila za wazee, liko jambo la kujifunza hapa. Desturi ni kama nyumba. Tunaishi ndani yake, lakini paa likivuja tunapanda kulitengeneza. Usiogope kuuliza. Muulize sheikh, padri, mwalimu au mzee wa kijiji: desturi hii inamsaidia nani, na inamwumiza nani? Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kuandika michango ya msiba katika daftari, ili mjane ajue kilichoingia na kilichotoka.

Maswali ya mazungumzo
1. Sheikh Al-Amin alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini aliandika magazeti yake kwa Kiswahili?
3. Katika kijiji chenu, nani hulipa gharama za matanga?
4. Jadilianeni darasani: mtafanya nini ili mjane na yatima wasibaki na ghala tupu?